Jiwe la Uso Mmoja

Hakuna mwanamke Kibosho nzima aliyemshinda Dominika kwa kutunza siri. Aliwaambia hivyo mwenyewe wanawake wenzake wa jumuiya walipomaliza rozari nyumbani kwa Theodora, na wasije wakadhani anajisifu bure, akawatolea mifano: siri ya fulani, siri ya fulani, na ile ya katekista na mbuzi.

Siri ya kidole chake, hata hivyo, hakuitoa. Kidole cha pete cha mkono wa kushoto kilikuwa kimefungwa kitambaa cheupe, kinene kama gunzi la hindi, na aliyeuliza alijibiwa kabla hajamaliza swali: "Nimeungua jikoni, mama." Wakampa pole. Akazipokea zote, maana pole hairudishwi.

Chini ya kitambaa hapakuwa na kidonda. Palikuwa na pete ya Doris.

Doris ni mjukuu wake, aliyemlea tangu anatambaa, sasa msichana mzima anayeuza vitabu vya shule kwenye duka moja mjini Moshi. Huko mjini ndiko alikokutana na Fredy, fundi wa mafriji, mzaliwa wa mji wa Mkuu kule Rombo, na huko ndiko Fredy alikomvisha pete yenye jiwe jekundu linalovuta kwenye zambarau, kama juisi ya rozela iliyolala. Lakini hayo yalikuwa mambo ya vijana. Mambo ya wazee yalikuwa Jumamosi, pale ukoo wa Fredy utakapopanda Kibosho na mbege yao, pombe ya ndizi, na mtu mkubwa wa nyumba ya Doris akabidhiwe kata ya kwanza. Akiinywa, mambo yamekubaliwa. Akiiweka chini bila kuonja, wageni wanabeba pipa lao wanarudi kwao, na hakuna wa kubishana. Na mtu mkubwa wa nyumba hiyo, tangu mumewe, mzee Basili, alazwe chini ya migomba yake, ni Dominika.

Kazi ya kunywa haikumtisha. Kilichomnyima usingizi ni jiwe.

"Rubi!" Ndivyo alivyokuwa akitangaza Hilda, wifi yake, dada wa marehemu Basili, kuanzia sokoni mpaka kwa masista. "Mtoto wetu kavishwa rubi! Rubi yenyewe, siyo hizi chupa zenu!"

Dominika akajiuliza: fundi wa mafriji na rubi, wapi na wapi? Umaskini haukumsumbua, alikuwa nao tangu utoto na walizoeana. Kilichomsumbua ni uongo. Binti wa jirani aliolewa na mwenye lori. Harusi ikaliwa, nyama ikaisha, ndipo ikajulikana kwamba lori ni picha: jamaa alilikuta limeegeshwa, akaliegemea, akapigwa picha. Mpaka leo binti anashuka na mikungu yake sokoni kwa miguu, na picha ipo ukutani, imetiwa fremu.

"Anayedanganya kwa jiwe atadanganya na kwa shamba," Dominika alijiambia. Kama Fredy kamwambia Doris kuwa ni rubi na kumbe si rubi, kata haitanywewa. Hilo aliliapia, na Dominika haapi ovyo, hasa pale panapohusika mbege.

Basi siku moja Doris, akiwa nyumbani Kibosho, alipoivua pete ili afue nguo, akaiacha kwenye kisahani juu ya kabati, Dominika akaichukua aitazame. Kuitazama tu. Lakini pete huitazami vizuri ikiwa kwenye kisahani. Akaivaa. Kidole kikaipokea kwa shangwe kama mtoto aliyerudi nyumbani Krismasi, na kama mtoto huyohuyo, ilipofika zamu ya kuondoka ikagoma. Fundo la kidole lina baridi yabisi ya siku nyingi. Akapaka sabuni, akapaka mafuta ya kupikia, akavuta mpaka kidole kikavimba kikawa na hasira zake.

"Bibi!" Doris akaita. "Umeiona pete yangu?"

"Pete gani?" Dominika akajibu, mkono ukiingia ndani ya khanga wenyewe bila kutumwa. "Mimi hata sura yake siijui."

Alipokwisha kusema hivyo, kitambaa kikawa cha lazima.

Doris akatafuta chini ya kabati, ndani ya ndoo, kwenye maganda ya ndizi, akapekua hadi banda la kuku akiwatazama kuku kwa tuhuma. Mwishowe akakaa kizingitini akalia. Dominika akalia naye kidogo, na machozi yalikuwa ya kweli, ila hakujua analilia pete au kidole.

*

Siku mbili kabla ya ugeni akaaga kwamba anakwenda mjini kuonyesha kidonda. Akapanda bodaboda, akashuka mawe yote ya barabara ya Kibosho akiwa amekaa upande, mkono mmoja kwa dereva na mmoja kifuani, mpaka Majengo, kwa Mudrik, mkata mawe.

Kibanda cha Mudrik kiko kati ya fundi viatu na nyumba ndefu ya vyumba vya kupanga. Gurudumu la kusagia lilikuwa linazunguka huku linadondoshewa maji, na nyuma yake alikaa Mudrik mwenyewe, ndevu zimepata vumbi jeupe, lenzi inaning'inia shingoni.

"Shikamoo, bibi. Karibu. Umetuletea nini?"

"Marahaba, baba." Dominika akatazama nyuma, akatazama pembeni, akafungua kitambaa. "Nimekuletea kidole."

Mudrik akakitazama kidole, kisha mwenye nacho. "Vidole sinunui, bibi. Ila jiwe naliona."

"Niambie, ni rubi au si rubi?"

"Livue nilitazame."

"Lingevulika ungeniona hapa?"

Mudrik akavuta taratibu, akapulizia maji ya sabuni, akavuta tena. Dominika akasema maneno mawili matatu ya Kichagga ambayo ni bahati fundi hakuyaelewa.

"Basi nina msumeno mwembamba," Mudrik akasema. "Naikata pete hapa chini, hutasikia kitu."

"Uikate! Halafu nikawaambie imeliwa na panya?"

"Hao wa kuambiwa ni kina nani?"

"Fundi, umeulizwa jiwe."

Fundi viatu, aliyekuwa ameacha kushona zamani ili asipitwe, akakohoa.

Mudrik akachukua tochi na kibomba kifupi kama kipande cha filimbi. "Sasa sikiliza. Kwa kawaida huwa nalizungusha jiwe. Leo itabidi nikuzungushe wewe. Simama. Inua mkono. Geukia barabarani. Sasa geukia kwangu. Pinda kiwiko. Sasa lete mkono kama unamwaga maji."

Dominika akageuka, akapinda, akamwaga maji. Wapita njia wawili wakasimama.

"Mudrik," akaita fundi viatu, "harusi ni lini, mbona bibi mnamfundisha kucheza mapema hivi?"

"Jumamosi," Dominika akajibu akiwa amewapa mgongo. "Na wewe hukualikwa."

Mudrik akashusha kibomba. "Humu ndani kuna madirisha mawili. Rubi ukiitazama, dirisha moja linakuwa jekundu la zambarau, la pili jekundu la chungwa. Ukiizungusha, rangi zinabadilishana. Hili lako, nimekuzungusha pande zote, madirisha yote mawili ni rangi ileile moja. Si rubi."

Dominika akauona uso wa Doris, akaiona kata inawekwa chini. "Kwa hiyo ni chupa."

"Nani kasema chupa? Chupa ingekuwa na mapovu." Akaweka lenzi jichoni. "Humu kuna tuchembe tudogo, kila kamoja kama piramidi mbili zilizogandana kitako kwa kitako. Hii ni spineli, bibi. Imetoka ardhini, machimbo ya Mahenge nadhani, na aliyeipika ni Mungu mwenyewe."

"Spineli ndiyo nini?"

Mudrik akaelekeza kidevu kwenye nyumba ndefu ya jirani, ambako mama mmoja alikuwa anaanika nguo na mwingine anamwambia asogeze. "Unaiona nyumba ile ya wapangaji? Jiwe nalo ni hivyo. Chukua oksijeni, hewa hii tunayovuta. Hiyo ndiyo kuta. Zimesongamana, zikaacha vyumba katikati, vya namna mbili. Vidogo vimezungukwa na oksijeni nne, vikubwa oksijeni sita. Kwenye vidogo anakaa magnesi. Kwenye vikubwa anakaa alumini."

"Alumini hii ya sufuria?"

"Hiyohiyo."

"Na huyo magnesi?"

"Yule wa kwenye vidonge vya kiungulia."

Dominika akakitazama kidole chake kwa muda. "Kwa hiyo kijana kamvisha mjukuu wangu sufuria na dawa ya kiungulia."

Fundi viatu alicheka mpaka kiatu cha mtu kikaanguka mtaroni.

"Hata rubi ni sufuria, bibi!" Mudrik naye alikuwa anacheka sasa. "Alumini na oksijeni, basi. Na yote mawili yakiwa safi hayana rangi, meupe kama maji. Rangi ni ya mpangaji mgeni. Katika vyumba vingi vya alumini, hapa na pale alumini hayupo, kaingia mwingine mwenye mwili unaokaribiana na wake. Akiingia kromi, nyumba inawaka nyekundu. Akiingia vanadi, inavuta kwenye zambarau. Humu, kwa macho yangu, wameingia wote wawili. Kuapa siapi, kuapa ni kazi ya mashine. Lakini mawe ya rangi hii tuliyoyapeleka kupimwa yalikutwa na vanadi."

"Naye katoka jikoni?"

"Huyu wa gereji." Mudrik akanyanyua spana chini ya meza, akaipangusa. "Wanamchanganya na chuma, spana isipinde. Tazama, wameandika hapa. Kromi, halafu vanadi."

Dominika, ambaye shule ya msingi ilimwachia herufi zote na haikumdai hata moja, akasoma kwa kidole kizima. Ni kweli, waliandikwa pamoja kama mtu na mke wake. Akafikiri. Kisha akauliza swali lililomfanya Mudrik azime gurudumu kabisa.

"Sasa kama kuta ni zilezile, na wapangaji ni walewale, mbona rubi ina rangi mbili na hii moja?"

"Ramani, bibi! Ramani ya nyumba. Spineli imejengwa mraba mtupu, urefu na upana na kimo havizidiani. Mwanga uingie mlango wowote, unakuta njia ileile. Rubi imejengwa kwa kurefushwa upande mmoja, kwa hiyo mwanga ukiingia unagawanyika, nusu hivi nusu vile."

"Kumbe rubi ndiye mwenye nyuso mbili. Huyu ana uso mmoja tu."

"Mmoja tu. Na bado watu wamemwita rubi miaka na miaka, mpaka kwenye mataji ya wafalme. Jiwe lenyewe halikusema neno. Ni midomo yetu."

Dominika akakifunga kidole chake na kuondoka, akiwa na furaha nusu. Jiwe lilikuwa la kweli. Uliobaki kupimwa ni mdomo wa Fredy, na kwa huo Mudrik hana kibomba. Njiani akatengeneza mpango: Jumamosi, kata ikiwa mkononi, atamuuliza kijana mbele ya watu, jiwe lile ni jiwe gani? Akisema rubi, kata chini. Akisema spineli, kata tumboni. Akaupekua mpango wake kama anayechagua maharage, hakuona jiwe hata moja.

*

Jumamosi uani palifungwa turubai. Mtori ulichemka, kiburu cha ndizi na maharage kikapakuliwa, viti vikaazimwa. Ukoo wa Fredy ukafika na pipa lao, mbele yao mzee Sylvanus, baba mkubwa wa kijana, kofia mkononi.

"Karibuni," Dominika akasema. "Mlivyochelewa tulidhani mbege mmeimalizia njiani."

"Tuliionja, mama, hatukatai," mzee Sylvanus akajibu. "Barabara yenu imeikoroga hivi kwamba tulitaka kujua kama bado ni mbege au imekuwa siagi."

Watu wakacheka, na mambo yakaanza vizuri. Fredy alikaa mwisho wa benchi, shati limenyooshwa mpaka linaogopa kukunjika. Doris akaletwa, amependeza, ila macho yamevimba. Kata ya kwanza ikachotwa, ikajazwa mpaka ukingoni, Dominika akakabidhiwa. Akaishika kwa mkono wa kulia, akaegemeza kwa ule wenye kitambaa, akafungua mdomo aulize swali lake.

Mzee Sylvanus akamtangulia. "Kabla hatujaendelea, mama, niulize. Kijana wetu alisema alimvisha binti pete. Mbona naona kidole kitupu?"

Doris akainamisha kichwa.

"Imepotea, baba. Hapahapa nyumbani. Nimetafuta kila mahali." Machozi yakaanza. "Fredy, nisamehe. Nilishindwa kukuambia."

"Rubi yote ile!" Hilda akapiga mapaja yake.

Fredy akasimama. "Usilie, Doris. Kilichopotea ni jiwe, wewe upo. Na Bibi Hilda, samahani, si rubi. Rubi sikuimudu. Ni spineli. Niliipenda rangi yake, basi."

Ndani ya kifua cha Dominika kitu kilipiga vigelegele. Kijana kafaulu mtihani kabla ya kuulizwa swali! Akaanza kuinua kata. Hilda akainuka haraka kuliko kata.

"Si rubi? Kumbe ulimdanganya mtoto wetu!"

"Hakunidanganya!" Doris akafuta pua. "Aliniambia spineli tangu siku ya kwanza. Nilipokutajia wewe, Bibi Hilda, uliniuliza kama spineli ni dawa ya minyoo ya ng'ombe. Nikaeleza, ukauliza tena, nikaeleza, ukauliza tena. Nikachoka, nikasema rubi. Neno rubi ni langu mimi."

Walio karibu na sufuria wakaziba midomo. Hilda akaona anachekwa, na Hilda akichekwa huwa hapungui, anaongezeka.

"Hayo mmepanga wawili! Leo linaitwa spineli kwa sababu halipo la kutazamwa. Nani kaliona? Mimi nasema lilikuwa chupa. Na nasema halikupotea, limefichwa makusudi ili chupa yenu isijulikane!"

Hapo hakuna aliyecheka. Mzee Sylvanus akainuka polepole, akavaa kofia yake. "Mama Dominika, tumekuja na mbege, tumeitwa waongo. Hatugombani. Vijana, shikeni pipa."

Vijana wawili wakashika pipa. Fredy akamtazama Doris, Doris akamtazama bibi yake, na uso ule alikuwa nao siku moja tu, siku alipoletwa pale bado hajui kutembea. Dominika hakungoja kufikiri. Angefikiri, labda angenyamaza.

"Wekeni chini hilo pipa!" Sauti ilitoka mpaka kuku wakaruka. "Chupa gani, wifi? Chupa ina mapovu! Lile halina povu hata moja. Ndani kuna tupiramidi kitako kwa kitako. Na rubi huonyesha rangi mbili, lile ukiligeuza kulia, ukiligeuza kushoto, ukikunja kiwiko, rangi ni moja tu, maana nyumba yake ni mraba! Lina kromi, lina na vanadi. Ni spineli halisi ya Mahenge, na kijana huyu ni mkweli kuliko sisi wote hapa, na mimi nakunywa!"

Akanywa. Akanywa kata yote bila kupumua, wageni wakapiga makofi, mzee Sylvanus akavua kofia, pipa likarudi chini, Fredy akakaa bila kujali shati litakunjika. Mambo yamekubaliwa.

Makofi yakaisha. Dominika aliendelea kuishikilia kata usoni ingawa ilikuwa tupu zamani.

"Bibi," Doris akasema.

"Ee, mama," ikajibu kata.

"Uliligeuza lini?"

Mzee Sylvanus akasogeza kiti chake mbele aone vizuri.

"Kuligeuza?" Dominika akashusha kata mpaka puani. "Mimi? Nilisikia kwa watu. Watu wanasema mengi."

"Uliniambia hata sura yake huijui."

"Sura siijui. Ni mambo ya ndani tu niliyosikia."

Doris alikuwa ameshafika. Akaupokea mkono wa kushoto kwa adabu zote, kama anayeamkia, akashika ncha ya kitambaa. Kikazunguka mara moja, kikazunguka tena. Kilikuwa kirefu; kilipokwisha, jua lililopenya pembeni mwa turubai likaingia moja kwa moja kwenye jiwe.

Dominika akakitazama kidole chake kwa mshangao mkubwa kuliko wa wote waliokuwepo.

"Haa!" akasema. "Kumbe ilikuwa huku!"